Chupa Namba Kumi

Kwa miaka kumi na saba nimelipwa mshahara kwa kuchungulia mavi. Nalisema mapema ili msomaji mwenye chakula mezani ajipange. Mama yangu, anayeishi Tosamaganga, huwaambia wenzake wa jumuiya kwamba mwanawe "yuko maabara, Mbeya," kisha anahamia haraka kwenye habari za mvua kabla mtu hajauliza ni maabara ya nini. Ni maabara ya mifugo, pembeni mwa Uyole, pale malori yanapopumulia moshi kabla ya kushika njia ya Iringa. Nilianza na mavi ya kuku, nikaendelea na ya nguruwe na ya ng'ombe, na miaka hii ya karibuni, kwa bidii na nidhamu, nikapandishwa hadhi hadi mavi ya ndege wa porini.

Mambo ya chupa nilirithi kwa baba. Baba alifanya kazi hospitali ya misheni tangu ujana wake mpaka akastaafu: kuosha chupa, kuchemsha chupa na kuandika lebo za chupa. Alikuwa na mwandiko wa kuringia. Herufi kubwa, zimesimama wima, hakuna inayomgusa mwenzake. "Chupa isiyo na jina ni takataka," alikuwa akituambia, na hata chupa ya mafuta ya taa nyumbani iliandikwa MAFUTA YA TAA, ingawa harufu peke yake ilitosha kumwambia mtu aliyelala. Aliandika majina ya watu wa tarafa nzima, pamoja na magonjwa yao. Lake mwenyewe, mama anasema amelisoma mara moja tu tangu waoane, nayo ilikuwa kwenye msalaba wa kaburi lake, tena limechorwa na fundi aliyekuwa ametoka kwenye pombe ya ulanzi.

Kwa hiyo siku nilipompigia mama simu kumwambia kwamba huenda jina langu likachapishwa kwenye jarida la kisayansi linalosomwa dunia nzima, hakuuliza nimegundua nini. Aliuliza, "Jina lote?"

Nikamwambia ndiyo, lote, na la baba mwishoni.

Nikasikia akivuta kiti, akikaa. Kisha akasema, "Basi waambie wafanye haraka. Jicho langu halina subira."

Presha ya macho ilikuwa imeshamaliza jicho la kushoto, na daktari alikuwa ameshamwambia bila kumung'unya maneno kwamba la kulia liko njiani. Mama alitaka kulisoma jina la mumewe kwenye karatasi kabla jicho halijafunga. Hilo tu. Hajawahi kuniomba kitu kidogo kama hicho, wala kikubwa kama hicho.

Haya, turudi kwenye mavi.

Mradi wetu ulitaka kujua ndege wa porini wanabeba vidudu gani, na kama vidudu hivyo vinaonekana pia kwenye maji ya Mto Ruaha. Bosi wetu, ambaye ni Dokta na ukisahau kumwita Dokta hasikii, aliuandika mradi wote akiwa amekaa. Usangu, bonde ambamo mto huo unapita, aliijua vizuri sana kwenye ramani. Alikuwa na buti za shambani, nzuri, za ngozi, na zilikaa chini ya meza yake mpaka zikaota ukungu ndani. Nilitamani kuuotesha ukungu ule nione ni wa aina gani, lakini haukuwa kwenye bajeti.

Kwenda mtoni ilikuwa kazi yangu. Watu hudhani kukusanya mavi ya ndege ni kazi rahisi. Jaribu. Yangeyange, yule ndege mweupe afuataye ng'ombe, anaweza kumchafulia mtu shati la kanisani akiwa angani, bila kuombwa, lakini mwekee karatasi safi chini ya mti, ukae pembeni na kijiti chako cha pamba na glovu zako, ataona haya kama bibi harusi. Nimekaa nusu siku nzima kwenye nyasi za Usangu nikitazama makalio ya bata maji, mtu mzima mimi, mwenye stashahada. Wafugaji walikuwa wakipita na ng'ombe wao, wananisalimia kwa upole ule anaosalimiwa nao mgonjwa.

Safari moja chupa za maabara zikaisha. Tuliagiza, tukajibiwa kwamba zinakuja, na nadhani mpaka leo zinakuja. Dokta akasema, "Dada, mtaalamu hashindwi na chupa." Basi mtaalamu akaenda soko la Mwanjelwa, akanunua chupa tupu za jemu kwa mama mmoja anayeuza vyombo vya mitumba, akazichemsha kwenye mtungi wa mvuke mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuona jemu. Chupa kumi. Nikaziandika kwa maka peni, namba moja hadi kumi, herufi za baba: MAJI YA MTO, siku, mahali. Wino ule hautoki kwa sabuni wala kwa maombi.

Kule Usangu mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, mtu mzima, ambaye yeye na marehemu mumewe walihama kutoka kaskazini na ng'ombe wao miaka mingi nyuma. Boma lake liko karibu na mto, na mbele ya boma kuna mti mkubwa wa mgunga ambao yangeyange wameufanya hosteli. Ndiyo maana nilimpenda kwanza, nakiri: nilimpendea mti wake. Lakini ukifika asubuhi ukamwambia "Mwangaluka" na Kisukuma chako cha kuokota njiani, atacheka mpaka ashike kiuno, na hapo umekwisha, hutoki bila kula.

Siku ile niliteka maji mtoni, nikajaza chupa zangu zote kumi. Boksi la barafu likameza tisa. Ya kumi ikakataa, nikaiweka juu ya kigoda kivulini, nikaingia ndani kula michembe ya viazi vitamu na maziwa mgando, kwa dakika ishirini hivi. Mama mwenyeji alikuwa akiingia na kutoka. Nilipotoka, chupa ilikuwa palepale kwenye kigoda, imejaa, imefungwa, na maandishi yangu yakinitazama. Nikaichukua. Kumbuka hizo dakika ishirini.

Maabara nikaotesha kila kitu kwenye sahani zetu. Kwenye kabati la joto hakikuota cha maana, ila wale wale tunaowajua, wanaoota popote kama magugu. Ikaja sikukuu, tukafunga siku nne, na sahani kadhaa nikazisahau mezani, kwenye baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, baridi inayomfanya mtu asali akiwa amejifunika. Niliporudi nikakuta vidoa vya njano. Vidogo, vinang'aa, vya njano ya kiini cha yai la kienyeji. Kwenye sahani nne za mavi ya ndege, na sahani moja ya maji. Kidudu cha watu kilikuwa hakipendi joto. Siku zote tulikuwa tukimpikia, yeye anataka baridi.

Nikampelekea Dokta. Akatazama, miwani kwenye paji la uso. "Huo ni uchafu wako, dada. Tupa."

Sikutupa. Si kwa sababu nina akili kuliko Dokta, Mungu apishe mbali. Ni kwa sababu mtoto wa mwosha chupa anaujua uchafu kwa sura, na ule haukuwa uchafu. Nikamwotesha tena na tena mpaka akabaki peke yake, nikamhifadhi kwenye friza, na sampuli za kusoma vinasaba zilipokuwa zinasafirishwa nje, nikachomeka na zake tano kwenye kona ya boksi.

Majibu yalichukua miezi. Yalipokuja yalisema, kwa lugha ya adabu, kwamba huyu hafahamiki. Ana ukoo lakini hana ndugu wa karibu. Duniani hakuna aliyemwandika. Siku hiyo nilimwona Dokta akitembea kwa kasi kwa mara ya kwanza. Wiki ya kwanza alimwita "yule bakteria wako." Wiki ya pili, "bakteria wetu." Mwezi ulipokwisha nilimsikia kwenye simu akisema, "Bakteria wangu, ambaye nilimshuku tangu mwanzo." Loo! Kweli alimshuku. Alimshuku kuwa uchafu.

Sikununa, maana kwenye rasimu ya makala jina langu lilikuwepo, la nne, na la baba mwishoni. Nilimpigia mama nimwambie nakuja nayo. Akasema rasimu hataki. Kabla ya baba alishawahi kuchumbiwa na mtu wa rasimu, na posa haikufika. Alitaka kitu kilichochapwa.

Nguvu ya makala yetu, Dokta alitukumbusha kila kikao, ni kwamba kidudu kimepatikana pande zote mbili: kwa ndege wa porini na kwenye maji ya mto. Ndege peke yake ni habari nusu. Mto ndio unaoikamilisha. Na mto mzima wa Ruaha, kutoka chanzo hadi mwisho wake, ulikuwa umesimama juu ya sahani moja, kutoka kwenye chupa moja. Namba kumi.

Sasa, kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa maharage kwenye bakuli, bakuli litarudi na mayai, au ndizi, au hata chumvi, lakini halirudi likilia upepo. Mimi nilikuwa nimekula kwa yule mama mara ngapi sijui. Kwa hiyo makala ilipokuwa karibu kutumwa, nikachukua zile chupa za jemu, nikazijaza sukari na majani ya chai, nikapita Mwanjelwa kununua doti ya kitenge, nikaenda Usangu kushukuru. Bila kijiti cha pamba hata kimoja. Nilijisikia mtu kamili.

Mama mwenyeji akapokea, akapiga vigelegele, akaishika chupa moja na kuigeuzageuza.

"Ndizo zilezile," akasema. "Ile moja nilikuokolea, unajua?"

"Uliniokolea vipi, mama?"

"Ile uliyoiacha kigodani. Nikaona mgeni wangu amechota maji ya matope, na mavi ya ng'ombe yanaelea humo. Nikasema, aa! Huyu atafika mjini, watu watamwuliza umetoa wapi maji haya, atasema kwangu. Nikamwaga. Nikaiosha ndani vizuri na majivu, nikakujazia maji safi." Akanitazama kwa upendo kabisa. "Maandishi yako sikuyagusa, mwanangu. Mimi sisomi, lakini naheshimu."

Yesu na Maria.

Nikamwuliza maji safi ameyatoa wapi. Akanipeleka. Mtungi, chini ya mgunga, umefunikwa kwa ungo, na kata ya kibuyu imelala juu ya ungo. Maji ya kisima cha kuchimba kwa mkono kwenye mchanga, yamechujwa kwa kitenge. Juu ya mtungi, tawini, yangeyange thelathini wakitufanyia kazi ile ambayo siku zangu zote za utafiti walinionea haya. Ungo ulikuwa na madoa meupe. Kata pia.

Nikajaribu kumweleza, taratibu, kwamba kwenye maji yale tulipata kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho, mpya, hajapata kujulikana duniani.

"Kwenye maji yangu?"

"Kwenye maji yako."

"Ninayoyanywa tangu nihamie huku?" Akacheka. "Sasa mpya kwa nani?"

Kisha kicheko kikamwisha ghafla. Akashika mkono wangu. "Mwanangu, wataandika kwamba maji yangu ni machafu? Sisi wafugaji, huku kila kibaya cha mto ni chetu. Ukikauka ni sisi, ukichafuka ni sisi. Nilikuoshea ili usiaibike."

Nikamwambia hapana, hakuna aliyeugua, na hakuna atakayeandika jina lake wala boma lake. Hilo niliahidi na nimelitunza hadi leo. Ningemlaumu nini? Aliosha chombo cha mgeni. Mama yangu angefanya hivyohivyo, tena angenisuta kwa kumletea chupa chafu.

Njia nzima ya kurudi Uyole nilikuwa wakili. Nilijitetea mbele ya hakimu mmoja mkali, ambaye naye nilikuwa mimi. Maji ya kisima cha mchangani si ya mto? Ni ya mto, yamepita chini tu. Na kidudu si kipo? Kipo. Na mama si anangoja? Anangoja, na jicho haliahirishi. Nilishinda kesi ile mara tatu kabla ya kufika Igawa, na mara zote tatu hukumu ikanishinda kumeza. Iliyonikwama ilikuwa lebo. Baba aliniachia kitu kimoja tu duniani, kwamba kilichoandikwa juu ya chupa ndicho kilichomo ndani. Nyumba aliachiwa kaka.

Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nikaingia kwa Dokta, nikafunga mlango, nikamweleza yote: kigoda, majivu, mtungi, yangeyange.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na huyo mama."

"Huyo mama anasoma majarida?"

"Hasomi kabisa, Dokta."

"Basi hakuna anayejua." Akavuta makaratasi yake. "Dada, tutumie akili. Maji ya mtungi yametoka wapi? Mtoni. Mto umeingia mtungini, mtungi umeingia chupani. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba juu ya mtungi wanalala yangeyange. Inawezekana kabisa kidudu hakijawahi kuuona mto. Inawezekana ni cha ndege tupu, kimedondokea kwenye kata."

"Inawezekana," akasema. "Na inawezekana kimo mtoni. Wewe unajuaje kwamba hakimo?"

Hiyo ndiyo sayansi, ndugu zangu. Nimeifanya miaka kumi na saba na sikuwahi kuelezwa vizuri namna ile.

Akaendelea, sasa kwa sauti ya kibaba, "Jina lako limo humu. Mama yako anaumwa macho, ulituambia mwenyewe. Fikiria."

Nilifikiri. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na nikikumbuka mpaka leo inapanda. Kunitajia macho ya mama! Nilirudi maabara, nikafungua daftari la sampuli, daftari kubwa ambalo kila mshirika wa mradi ana haki ya kulisoma na kila mwaka mmoja wao hulisoma. Kwenye mstari wa namba kumi nikapiga mstari mmoja juu ya MAJI YA MTO, maneno yakiendelea kusomeka, kama inavyotakiwa, na pembeni nikaandika: MAJI YA MTUNGI WA NYUMBANI, CHUPA ILIOSHWA NA KUJAZWA UPYA. Nikatia sahihi. Kwa maka peni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi nikauanika, nikatoka kwenda kunywa chai.

Makala haikutumwa. Washirika waliposoma daftari wakasema maji yachukuliwe upya, na safari hii mtu mzito asimamie. Mtu mzito akatoa buti zake chini ya meza, akazigonga ukutani, ukungu ukaruka.

Tulikwenda mwezi wa kumi na moja. Wanaoijua Usangu ya mwezi wa kumi na moja wameshaanza kucheka. Dokta aliteremka garini, akauliza, "Mto uko wapi?" Nikamwonyesha. Mchanga mweupe, mpana, mzuri, mtu angeweza kuchezea mpira. Kwenye ramani yake ulikuwa wa bluu. Tulitembea juani mpaka tukakuta madimbwi yaliyobaki, yamejaa ndege, na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikateka chupa kumi na mbili, za maabara safari hii, zilishafika za kuazima. Dokta aliteka moja, akapigwa picha, akanirudishia nifunge kifuniko. Bomani nililikalia boksi lenyewe, nikala michembe yangu juu yake. Mama mwenyeji aliniangalia, akatikisa kichwa, akasema mjini wananifundisha uchoyo.

Miezi mingine ikapita. Nilikuwa nikimpigia mama kila Jumapili baada ya misa. Mwanzoni aliniambia bado anaona mnara wa kanisa. Baadaye aliona kanisa lakini si mnara. Baadaye akawa haongelei kanisa, anauliza tu kama nimekula.

Kwenye baridi ya mezani, chupa mbili kati ya zile kumi na mbili zikaota vidoa vya njano. Vinasaba vikasomwa: ni yuleyule. Kidudu kilikuwemo mtoni siku zote. Nililia chooni, nasema kweli, kwa furaha na kwa hasira kwa pamoja, maana ningekaa kimya makala ingekuwa imeshatoka, na ingekuwa na ukweli ambao sisi hatukuwa na ushahidi wake.

Ikatoka. Kidudu kikapewa jina la Kilatini ambalo maana yake, kwa urefu wake wote, ni "wa mtoni." Dokta akaita kikao, soda na sambusa, akagawa nakala. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Majina kumi na moja. Nikayasoma kutoka mbele, nikayasoma kutoka nyuma. Alikuwemo mtu wa takwimu ambaye hajawahi kukanyaga Mbeya. Alikuwemo dereva wa zamani wa mradi? Hapana, yeye pia hakuwemo, maskini, tulikuwa wote nje.

Nikamfuata Dokta. Akanieleza kwa subira kubwa. Kuchelewa kule kulibidi kuandikiwa barua ya maelezo kwa washirika, kuwa sampuli iliachwa bila uangalizi, na barua ilibidi itaje aliyeiacha. Na mtu aliyetajwa kwenye barua ile hawezi tena kutajwa kwenye makala, haipendezi. "Ni utaratibu, dada. Usichukulie kibinafsi. Tumekushukuru mwishoni."

Nikaenda mwishoni. "Tunawashukuru wafanyakazi wote wa maabara." Basi kosa lilipata mwenyewe mmoja, na ugunduzi ukapata wenyewe kumi na mmoja. Sambusa niliimaliza, ilikuwa ya nyama.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Iringa, nikafika Tosamaganga alasiri. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha la sebuleni, amevaa kitenge cha sikukuu. Alikuwa ameambiwa na mdogo wangu kwamba makala imetoka. Hakuna aliyemwambia zaidi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umekuja nayo?"

Nikampa. Akaipapasa kwanza, akainusa, akaisogeza kwenye jicho la kulia mpaka karibu limeze karatasi. Akaigeuza. Akaisogeza dirishani. Nikaona kwamba haoni hata herufi moja. Maandishi ya majarida ni ya sisimizi hata kwa mtu mwenye macho. Akanirudishia. "Niwekee kidole pale lilipo."

Ilikuwa rahisi kabisa. Majina kumi na moja pale, na kidole ninacho. Ningeweka popote, na angepita na kidole chake juu, na angefurahi, na nani mwingine angejua? Mimi. Basi hakuna anayejua. Niliisikia sauti ya Dokta vizuri sana.

"Halipo, mama," nikasema. "Wameliondoa."

Nikamweleza yote, kuanzia kigodani. Nilipofika kwenye majivu akacheka. "Huyo mama kalelewa," akasema. Nilipofika kwenye daftari hakucheka. Akauliza maneno ya kwanza niliyakata vipi, kwa kufutafuta au kwa mstari mmoja unaosomeka. Nikasema kwa mstari mmoja. Akaitikia kwa kichwa. Alikaa na mume wa lebo miaka arobaini na mbili, hakuna asilolijua.

Kisha akanyoosha mkono. "Kalamu unayo?"

Maka peni haitoki kwenye mkoba wangu. Nikamwambia ninayo.

"Basi andika. Kubwa, kama alivyokuwa anaandika yeye."

Nikaiweka ile makala ya watu kumi na mmoja juu ya goti, na juu kabisa, kukatiza kichwa chao cha habari na nusu ya wataalamu wao, nikaandika jina langu lote na la baba mwishoni. Herufi kubwa, wima, hakuna inayomgusa mwenzake.

Mama akaichukua, akaipeleka dirishani, pua ikagusa karatasi. Akaanza kuisoma herufi mojamoja, kwa sauti, polepole, akipotea na kurudi, mpaka akafika kwenye jina la baba, na hilo akalisoma mara mbili. Wino ulikuwa umemshika puani, ana doa jeusi, sikumwambia.

"Pulizia kwanza likauke," akasema, akinirudishia. "Nisije nikalikunja likiwa bichi."